Bomba la Kujifichia

3 Juni

Ghazwan ameondoka alfajiri kwenda visimani, kazi ya mafuta, siku kumi na nne kama kawaida. Ameniachia daftari hili jipya na kalamu mbili. "Mama," kaniambia, "kila siku andika joto la maji, samaki wamekula nini, umeme umekatika saa ngapi. Na lolote litakalotokea, liandike. Nikirudi nisome nijue."

Basi naandika. Niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiuonesha kwa wenzangu, na hata leo Mama Sattar jirani akipata karatasi ya ofisini hukimbilia kwangu nimsomee.

Nianze na samaki, maana ndiyo sifa ya nyumba hii. Tangi linachukua ukuta mzima wa sebule, mita tatu za kioo kinene, na Ghazwan kaliunganisha kwa mikono yake. Ndani yumo Dhibi, yaani mbwamwitu, dume la urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, mweusi wa moshi, amenyunyiziwa nukta za buluu kama mtu aliyepigiwa rangi kwa burashi. Asili yao ni mto mmoja wa Kolombia, huko Amerika ya Kusini, na wanaowafuga wanawaita umbi. Ghazwan alimnunua Baghdad akiwa mdogo kama kidole. Katika Basra nzima hakuna mwingine wa ukubwa huu. Watu wa Kuwait humpigia mwanangu simu kumuuliza anamlisha nini, naye huwajibu kama daktari.

Upande wa pili wa tangi, nyuma ya ukuta wa plastiki wenye matundu, yupo jike. Huyu ni wa tatu. Wawili wa mwanzo Dhibi aliwaua, mmoja kwa siku mbili, mwingine kwa dakika chache wakati tunakula. Ghazwan anasema kusini yote hakuna aliyewahi kuwafanya umbi watage, na yeye atakuwa wa kwanza. Nami nasema atakuwa. Huyu ni mwanangu, akisema jambo hulitenda.

Agizo kubwa: ukuta usiondolewe asipokuwepo.

Joto la maji nyuzi 29. Dhibi kamba watano, jike wawili.

5 Juni

Nyuzi 30. Umeme wa serikali umekatika mara nne. Jenereta la mtaa likashika.

9 Juni

Mama Sattar kaja kunywa chai. Kakaa karibu na tangi, Dhibi akaja kasi akagonga kioo, pu! Chai yote ikamwagikia mapajani.

"Mama Ghazwan! Hiki ni samaki au mbwa wa getini?"

"Mbwa wa getini hapigiwi simu kutoka Kuwait."

"Samaki wangu mimi hukaa kikaangoni, na adabu zake zinaonekana."

"Na mwanao anafuga nini, dada? Kitambi?"

Tulicheka mpaka tukajifuta machozi. Rusul, mke wa Ghazwan, akaleta chai nyingine. Mikono ya msichana huyu mizito, glasi imegongana na sinia mpaka nikaona haya. Mama Sattar akamwangalia kidevu, kuna alama pale, inageuka njano.

"Umefanya nini, binti?"

"Nilianguka kwenye ngazi ya paa, khala."

"Ngazi hiyo ina ugomvi na wewe tu? Mama mkwe wako na kilo zake zote anaipanda kila siku."

Sikuipenda kauli ile. Ni kweli Rusul haangalii anapokanyaga. Nilipokuwa na umri wake nilipanda ngazi ileile na ndoo mbili kichwani. Lakini simsemi vibaya mbele za watu, maana yeye si mkwe tu. Sisi na watu wao tulibadilishana mabinti. Rusul alikuja kwa Ghazwan, na Nibras wangu akaenda kwa Muntadhar, kaka yake Rusul. Siku moja, gari moja. Lilimshusha huyu mlangoni petu, likampakia yule. Hakuna aliyetoa mahari, huyu ndiye mahari ya yule. Na sharti lake anajua kila mtu: mmoja akirudi kwao, mwenzake naye hurudishwa, hata kama anaishi kama malkia.

Na Nibras wangu anaishi kama malkia. Ana mimba ya miezi mitano. Namshukuru Mungu asubuhi na jioni.

Nyuzi 30. Jike amekataa kula.

12 Juni

Nyuzi 31. Maji ya bomba yameanza kuwa ya chumvi. Nimenunua ya gari la maji matamu, nikachanganya nusu kwa nusu kama alivyonifundisha.

17 Juni

Ghazwan karudi! Wali na kamba, bamia, achari ya maembe. Leo hakuna kuandika.

18 Juni

Kasoma daftari huku anacheka. "Mama, nilikuachia samaki wawili, wewe umeandika mtaa mzima." Kanibusu kichwani. Kisha kafungua tena ukurasa wa tarehe tisa, akausoma polepole.

20 Juni

Leo nimeona mwenyewe jinsi mwanangu anavyofanya kazi. Kauondoa ukuta kwa robo saa tu, akiwa amesimama na fimbo mkononi. Dhibi alikwenda moja kwa moja. Jike akakimbia pembeni, akapasuliwa pezi, magamba yakaelea juu kama mapambo ya harusi. Ghazwan akaingiza fimbo kati yao, akarudisha ukuta.

"Ana roho mbaya huyu," nikasema.

"Hana roho mbaya, mama. Ndivyo alivyoumbwa. Kosa ni la mfugaji akimwacha jike bila pa kwenda." Akanionesha bomba la plastiki alilolilaza chini, upande wa jike. Kalipima kwa uzi kuzunguka tumbo la jike: yeye anaingia, Dhibi haingii hata kichwa. "Jike asipokuwa na bomba, hana maisha. Hata kama tangi ni kubwa kama uwanja wa mpira."

Halafu akamtilia dawa kwenye maji, akapunguza taa, akakaa kwenye kigoda kumwangalia saa nzima anavyopumua. Nikasema moyoni, huruma hii kaitoa kwangu.

24 Juni

Rusul amebana vidole kwenye mlango. Viwili vimevimba. Nimemfunga kitambaa chenye barafu. Nyuzi 32.

28 Juni

Rusul anachechemea. Anasema kateleza bafuni. Nimenunua mkeka wa mpira wa bafuni.

1 Julai

Ghazwan ameondoka. Nyuzi 32. Nje inasemekana ni arobaini na tisa.

4 Julai

Rusul ndiye aliyemlisha jike leo. Sikumwambia. Nimemkuta amepiga magoti kwenye kioo, anapitisha kamba kwa koleo mpaka mdomo wa bomba, na jike anatoa kichwa kuchukua. Kwangu amekataa kula siku tatu.

"Umefanyaje?"

"Sijafanya kitu, mama. Nimekaa tu mpaka akazoea kuwa mimi si wa kumwingilia."

7 Julai

Rusul amecheka. Nimeandika kwa sababu nimeshtuka: tangu aje mwaka jana sikuwahi kuisikia sauti ya kicheko chake. Mama Sattar alikuwa anaiga mwendo wa mwenye jenereta anapokuja kudai ada, na Rusul akaachia kicheko cha msichana wa shule. Kumbe ana kishimo shavuni.

10 Julai

Nyuzi 33. Jenereta lilikufa saa tatu nzima, tukapepea juu ya maji kwa sinia, mimi na Rusul, kwa zamu, samaki wapate hewa. Ngazi ya paa Rusul amepanda mara sita na barafu ya kupoza tangi la maji la juu. Hakuteleza.

Baada ya chai nimelirudia daftari tangu ukurasa wa kwanza. Kidevu kilikuwa cha njano tarehe tisa Juni. Nimelea watoto, najua alama haianzi na njano, huanza na nyekundu, ikawa zambarau, njano ni siku ya saba au ya nane. Toa saba kwenye tisa. Vidole, tarehe ishirini na nne. Mguu, ishirini na nane. Tangu tarehe moja Julai, mlango ni uleule, bafu ni lilelile, na hajaanguka hata mara moja.

Nilichowaza sitakiandika. Daftari hili husomwa.

14 Julai

Nimeamua. Joto na chakula nimevinakili kwenye karatasi nyingine, nitampa hiyo. Nitamwambia daftari lilimwagikiwa chai nikalitupa. Hili sasa litakaa ndani ya gunia la mchele, na ni langu.

15 Julai

Karudi. Kaikubali karatasi. "Hakuna habari za mtaa safari hii?" Nikamwambia joto limewafungia watu ndani.

19 Julai

Nimejifungia jikoni naandika.

Adhuhuri umeme wa serikali ulikatika, jenereta la mtaa likawaka. Kwa miaka nimelishukuru lile jenereta. Liko nyuma ya ukuta wetu, likiunguruma hata mtu akikuita sikioni husikii, lakini kiyoyozi kinazunguka na samaki wanapumua. Leo nilikuwa naosha mchele, mkono ndani ya maji, nikahisi ukuta wa jikoni unatikisika. Si kwa jenereta. Jenereta hutikisa mfululizo. Huu ulikuwa mmoja, kisha mwingine, kisha mmoja tena. Nyuma ya ukuta ule ni chumba chao.

Nikaenda. Nikagonga.

"Ghazwan! Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Tunasogeza kabati."

"Kabati mchana huu?"

"Mama, nimesema hakuna kitu. Pika."

Nikarudi, nikapika. Ndivyo ilivyo, nikapika. Kumbe lile jenereta lilikuwa linanifunika masikio mwaka mzima, nami nilikuwa naliombea dua lisizime.

Chakula kilipoiva Rusul alikula kwa mkono wa kushoto. Ghazwan akachagua kipande kizuri cha samaki, akamwekea kwenye sahani. "Kula," kamwambia kwa upole. Akala.

Marehemu mume wangu naye alikuwa na mkono mwepesi. Nilikuwa nikisema sikufa. Leo nimejiuliza nilikuwa namwambia nani maneno hayo, na kwa nini kila mara Ghazwan alikuwa amekaa palepale anasikiliza.

21 Julai

Nimempigia Nibras simu. Nilitaka kuanza kwa mbali.

"Muntadhar anakutendeaje, mwanangu?"

"Mama, utacheka! Jana kanikanda miguu mbele ya mama yake. Mama mtu kasema, 'Hata mimi niliyekuzaa hukuwahi kunikanda.' Kamjibu, 'Hukuwahi kunibebea mtoto wangu.'"

Nikacheka. Kisha nikamuuliza, mtu akirudi kwao kwa hasira, siku hizi bado wanarudishana? Nibras hakuwahi kuwa mjinga.

"Rusul kasema nini?"

"Hajasema kitu."

"Mama, nina miezi saba inaingia. Usinirudishe. Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, usinirudishe."

22 Julai

Nimemwita Rusul jikoni. Nimemwambia nimeelewa. Nimemwambia, vumilia, mwanangu, mpaka mwenzako ajifungue, halafu tutatafuta la kufanya.

Akanisikiliza akikata vitunguu. Akasema, "Mwenzangu anakandwa miguu, mama mkwe."

Siku zote huniita mama. Leo kaongeza mkwe.

25 Julai

Ukuta umeondolewa nusu saa. Jike kaingia bombani mara tatu, akatoka mara tatu. Ghazwan kafurahi mno, kawarekodi, kawarushia watu wa Kuwait. "Huyu ana akili, mama! Huyu ataishi."

29 Julai

Kaondoka. Sharji imeanza, upepo wa unyevu, nguo hazikauki na kuta zinatoka jasho. Wazee husema ndio unaoivisha tende. Nyuzi 33.

3 Agosti

Leo nimefanya jambo, na najisifu.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na hakuna mlango wenye komeo kwa ndani. Marehemu hakutaka. Nimekwenda sokoni mwenyewe kwenye jua lile, nimenunua komeo la chuma nene kama kidole gumba. Tumelifunga kwenye mlango wa chumba changu, upande wa ndani. Rusul alishika, mimi nilikaza skrubu. Mwanamke wa miaka hamsini na sita!

Nikamwambia, "Ukiona kunageuka, usijibu neno. Njoo humu, funga. Mimi nikiwa nje, usinifungulie hata mimi, mpaka nikuambie kwa sauti yangu kwamba kumetulia."

Akaligusa lile komeo, akalipeleka mbele, akalirudisha. Mara nyingi sana. Kisha akaniuliza, "Na ufunguo wa nje?"

"Hakuna wa nje. Ndio uzuri wake."

Akaniita mama.

6 Agosti

Nyuzi 34. Tumetia chupa za barafu. Jike ameanza kuonesha dalili za kutaga, tumbo limejaa. Rusul kaziona kabla yangu.

11 Agosti

Siku kumi na nne, hajaanguka.

12 Agosti

Karudi. Kazunguka nyumba, kaliona komeo, kacheka.

"Mama, unaogopa wezi?"

"Joto linavimbisha mlango, haukai."

Kachukua bisibisi, kakaa chini kwa utulivu, skrubu moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni. "Nyumba yangu haina mlango wa kunifungia mimi," kasema. Bila kelele. Kama mtu anayerekebisha kitasa.

Nilisimama pale. Nilikuwa na mdomo, na sikuutumia.

13 Agosti

Wametaga! Ukuta Ghazwan aliuondoa jana jioni aliporudi. Mayai mia kadhaa juu ya jiwe bapa, ya rangi ya asali. Ghazwan kalia kwa furaha, kanikumbatia, kamkumbatia hata Rusul. Simu hazipumziki. Mtu wa Baghdad anataka kuja kwa gari. Mama Sattar kaleta peremende akazirusha sebuleni kama kwenye harusi. Mwanangu ndiye wa kwanza kusini nzima. Nilisema. Niliandika tarehe tatu Juni kwamba atakuwa. Na leo nilipoinua mikono kushangilia, mikono ilikuwa mizito.

14 Agosti

Jike halindi mayai vizuri. Dhibi akimjia, hukimbilia bombani akakaa humo, na Dhibi anaanza kuyala mayai. Ghazwan kakasirika.

"Bomba ndilo linalomharibu. Kajua pa kukimbilia, ndiyo maana hasimami na kazi yake."

"Wewe mwenyewe ulisema bila bomba hana maisha."

"Hapo alikuwa mgeni. Sasa ni mke."

Akaingiza mkono, akalitoa. Rusul alikuwa mlangoni na sinia la chai. Niliona macho yake yalivyolifuata lile bomba kutoka majini mpaka lilipotupwa uani.

16 Agosti

Haya ninayoandika hapa yote ni ya jana. Jana sikuweza kushika kalamu.

Asubuhi jike alikuwa amelala ubavu kwenye kona, macho hayapo, mapezi hayapo. Dhibi alikuwa anamzunguka polepole. Mayai yalikuwa yameliwa yote. Ghazwan alimtoa kwa mikono miwili, akamlaza kwenye taulo jeupe, akakaa chini akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakiruka, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa. Nikaenda kumshika kichwa. Mama ni mama.

Ndipo Rusul, aliyekuwa anafagia, akasema. Hakusema kwa kejeli. Alisema kwa sauti ndogo kabisa, kama anajisemea: "Alikuwa anapenda bomba lake."

Ghazwan akanyanyuka. Akamshika mkono wa kulia, akamvuta chumbani, akafunga mlango. Na kama vile vilikuwa vimepatana, umeme ukakatika, jenereta likawaka.

Nilikimbilia mlango nikausukuma, alikuwa ameuegemea kwa mgongo au amesukumia kitu. Nikapiga kelele jina lake. Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Halafu katikati ya ule mngurumo nikasikia kitu kimoja, kidogo, kikavu, kama kuni inavyovunjwa gotini.

Nilifikiri juu ya Nibras. Sitaki kusema uongo kwenye daftari langu, nilifikiri juu ya Nibras, nikahesabu, wiki tano, sita. Nilisimama kwenye korido ile nikahesabu wiki za binti yangu huku binti wa watu anavunjwa.

Kisha nilifungua lango la nje, pande zote mbili, nikatoka mtaani bila abaya, kichwa wazi, jambo ambalo sijalifanya tangu nibalehe. Nikaenda mpaka kwa fundi wa jenereta, nikamwambia zima. Akasema, "Mama Ghazwan, watu watakufa na joto." Nikamwambia, "Zima, nyumbani kwangu kuna mtu anakufa." Akazima.

Mtaa mzima ukanyamaza. Hujawahi kusikia kimya kama kile. Na ndani ya kile kimya, kila nyumba ikamsikia Rusul.

Nikasimama katikati ya barabara nikapaza sauti. Mimi niliyewachosha watu hawa kwa sifa zake, mimi niliyewaonesha picha ya samaki wake hata msibani. "Enyi watu! Mama Sattar! Njooni! Ghazwan mwanangu anamuua mke wake! Njooni mumtoe!"

Mama Sattar alikuja wa kwanza, na unga mikononi. Wakaja wanawe, akaja fundi. Mlango ulifunguliwa. Ghazwan alitoka, akaona watu, akaniona mimi na nywele zangu za mvi hadharani.

"Mama. Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nimejivua mwenyewe, mwanangu."

Akapita katikati yao akaingia kwenye gari lake.

Mfupa umevunjika mahali pawili. Hospitali wamemtia plasta mpaka juu ya kiwiko. Mama Sattar kakaa naye usiku kucha, hajanitania hata neno moja. Ningependa angenitania.

17 Agosti

Nimempeleka Rusul kwao mwenyewe. Sikutaka aende peke yake kama aliyefukuzwa. Mbele ya baba yake na ami zake nimesema: mkono huu kauvunja mwanangu, na Rusul hana kosa, na mimi nilijua tangu Julai nikanyamaza. Mama yake hakunipa hata maji. Ana haki.

Nikaomba jambo moja, Nibras abaki. Ami yake mkubwa akasema, "Umebeba wetu ukamleta umevunjika. Wako utaletewa mzima. Mshukuru Mungu hapo."

Muntadhar alikuwa amesimama nyuma yao, ameinamisha kichwa.

Wakati naondoka Rusul alinifuata mpaka getini. Hakusema ahsante, na vizuri hakusema. Alisema, "Usimpe Dhibi kamba waliogandishwa sana, mama. Humkwama."

20 Agosti

Nibras ameletwa. Gari ni lilelile la siku ya harusi. Sanduku moja, tumbo mbele. Muntadhar aliendesha, ami alikaa ubavuni mwake. Muntadhar alipomshusha, mkono wake ulibaki kwenye mlango wa gari muda mrefu, mpaka ami akamwambia twende.

"Umenirudisha, mama," Nibras kasema.

Tangu hapo hajaniambia neno.

26 Agosti

Ghazwan yuko kwa rafiki yake Zubair, kutoka huko ameenda kazini. Ujumbe wake ni mmoja kila siku: Dhibi amekula?

Namjibu: amekula.

31 Agosti

Nyuzi 31. Nibras anakula chumbani kwangu, mlango umefungwa. Naacha sinia nje.

5 Septemba

Nibras amejifungua mtoto wa kike, wiki mbili tatu kabla ya hesabu. Kilo mbili na nusu, nywele tele. Muntadhar kapewa habari kwa simu, akalia mpaka nikatenga simu na sikio. Ami zake wamesema mtoto wataamua baadaye akae wapi. Anapumua kwenye kifua cha mama yake na tayari kuna watu wamekaa kwenye zulia wanamwamulia.

Nilipomkanda Nibras miguu hakuivuta. Kaniuliza, "Rusul mkono wake unaendeleaje?"

"Plasta inatolewa mwezi ujao."

"Ungeniambia tangu Julai," akasema. "Labda ningekuja kwa miguu yangu."

Ndiyo maneno yetu yote mpaka leo.

8 Septemba

Ghazwan ameleta ujumbe. Kesho narudi. Dhibi yuko sawa?

Tende za barhi zimeiva, Mama Sattar kaleta shada zima. Nimenunua makomeo mawili. Moja nimelirudisha kwenye chumba changu, alimo Nibras na mtoto. Lingine nimelitia kwenye lango la nje, kwa ndani. Fundi wa jenereta alikuja kukaza, akakataa ujira.

Hutalala humu, Ghazwan. Utakuja mpaka langoni, nami nitakupa daftari hili kwa mkono wangu, kupitia kwenye upenyo wa lango. Uliniambia niandike lolote litakalotokea ili ukirudi ujue. Nimeandika. Soma na ukurasa wa tarehe kumi na tisa Julai, mahali nilipoandika kuhusu baba yako, usome mara mbili. Ukimaliza, gonga, tutazungumza kwenye kimya, nimempanga fundi azime jenereta. Mimi bado ni mama yako, wala sijui namna ya kuacha.

Joto la maji nyuzi 29. Dhibi kamba wanne. Anazunguka pale ukuta ulipokuwa, anakipiga kivuli chake kwenye kioo. Bomba nimeliokota uani, nimeliosha, nimelirudisha mahali pake, ingawa hakuna wa kuingia.